Fundi wa Malindi auliza: sumaku nyembamba namna hii itakumbukaje stima ikipotea?

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, nina kibanda hapa Malindi mjini. Juzi stima ilipotea mara tatu kwa siku moja, na mteja wangu akapoteza hesabu za duka alizokuwa akiziandika tangu asubuhi. Kijana mmoja akaniambia kuna kumbukumbu ya sumaku inayotumia spini ya elektroni, haisahau hata stima ikikatika, na kwamba imetengenezwa kwa utando mwembamba ajabu. Sumaku nyembamba hivyo inashikaje kitu? Mbona sumaku ya spika isiifute? Nikiipiga blowa ya hewa moto itasalimika? Na ule mchanga mweusi wa ufukweni upande wa Mambrui, unaorukia sumaku, hauwezi kutengenezewa kitu hiki?

Jibu: Wa aleikum salaam, fundi. Maswali yako manne ni yale yale tunayohangaika nayo sisi tunaotengeneza tando hizi, kwa hiyo sitayapitia juujuu.

Tuanze na hesabu za mteja wako. Zilikuwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kila biti ya RAM, yaani 0 au 1 moja, ni chaji kidogo iliyowekwa kwenye kapasita ndogo mno, na kapasita hiyo inavuja. Kompyuta huijaza upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, mchana kutwa na usiku kucha, kama mtu anayemimina maji kwenye mtungi wenye ufa. Stima ikipotea, mmiminaji ameondoka. Hifadhi ya simu, ile ya GB 64 au 128, chaji yake imefungiwa ndani ya kihami, kitu kisichopitisha umeme, kwa hiyo haivuji upesi. Lakini kuiingiza na kuitoa humo kunataka volti kubwa, kunachukua muda, na kila safari kihami kinachakaa. Ndiyo maana haiwezi kufanya kazi ya RAM.

Sumaku haina cha kuvuja. Dira ya nahodha haijawahi kuomba betri. Wazo la kuhifadhi biti kwa sumaku ni la zamani kuliko RAM unayoijua: tangu miaka ya 1950 hadi ya 1970 kompyuta nyingi zilikumbuka kwa pete ndogo za feriti (kauri yenye usumaku), nyaya zikipenyezwa katikati ya kila pete kwa mkono. Kompyuta iliyoongoza chombo cha Apollo kwenda mwezini mwaka 1969 ilikuwa na kumbukumbu ya aina hiyo. Niliwahi kuishika bodi moja ya pete hizi, na fikra iliyonijia ni kofia ya vito ya Lamu, ile subira ya tundu baada ya tundu. Zilikuwa na kasoro mbili. Kuisoma pete kulikuwa ni kuifuta, ikabidi iandikwe upya kila inaposomwa. Pia hazikuweza kupunguzwa ukubwa hadi zishindane na silikoni. Zikaondoka sokoni.

Kilichoirudisha sumaku ni spini. Elektroni ina chaji, hilo unalijua kwa sababu ndiyo unayoipima kwa mita kila siku. Ina sifa ya pili: yenyewe ni sumaku ndogo. Sifa hiyo ndiyo spini. Usiichore akilini kama mpira unaozunguka, hesabu zake hazikubali picha hiyo. Jua tu kwamba ukiipima utapata moja ya majibu mawili, juu au chini. Ndani ya waya wa shaba, elektroni za juu na za chini ziko sawasawa, kwa hiyo fundi hana haja ya kuzijali. Ndani ya chuma, kobalti au nikeli, kundi moja limezidi lingine, na mkondo unaotoka humo umeelemea upande mmoja.

Mwaka 1988 Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, walipanga matabaka ya chuma na kromiamu yenye unene wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), wakakuta ukinzani wa mpangilio huo, yaani jinsi unavyouzuia umeme, unabadilika sana kutegemea kama matabaka ya chuma yameelekea upande mmoja au yamepingana. Walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2007. Mwelekeo wa sumaku ukasomeka waziwazi kwa mkondo wa kawaida, bila kuifuta.

Sasa tuifungue seli yenyewe, kijumba cha biti moja. Kiini chake ni matabaka matatu. Chini kuna tabaka la sumaku lililofungwa lisigeuke. Mimi huliita la nanga. Juu kuna tabaka la sumaku lililo huru kugeuka, ama juu ama chini. Katikati kuna ukuta wa kihami, na ukuta huo una unene wa nanomita 1 hivi, yaani safu nne au tano za atomu. Unywele wa mtu una nanomita kama 80,000. Kwa ukuta mwembamba kiasi hicho elektroni haiuruki wala haiuvunji, hutokea upande wa pili kwa sababu ya tabia yake ya mawimbi. Matabaka mawili ya sumaku yakielekea upande mmoja, elektroni hupenya kwa wepesi na ukinzani ni mdogo: hiyo ndiyo 0. Yakipingana, ukinzani unapanda: hiyo ndiyo 1. Kusoma ni kupitisha mkondo mdogo na kupima, kazi ambayo wewe ungeielewa bila kufundishwa.

Upenyaji huu Michel Jullière aliupima mwaka 1975, lakini kwenye baridi kali mno. Ilichukua miaka 20 hadi timu mbili, moja Marekani na nyingine Japani, zikaupata vizuri kwenye joto la kawaida la chumba, kwa ukuta wa oksidi ya alumini. Tofauti ya ukinzani kati ya 0 na 1 ilikuwa asilimia kumi na kitu tu, na baadaye makumi kadhaa. Mwaka 2004 mambo yaligeuka. Stuart Parkin huko Marekani na Shinji Yuasa huko Japani waliweka ukuta wa oksidi ya magnesiamu, na tofauti ikafika karibu asilimia 200. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walifikisha asilimia 604 kwenye joto la chumba.

Kwa nini oksidi ya magnesiamu? Hapa ndipo ninapopapenda mno katika fani hii yote. Oksidi ya alumini ni kama kioo, atomu zake hazina mpango. Ya magnesiamu ni fuwele, na atomu zake zikikaa sambamba na atomu za chuma kilicho chini na juu yake, ukuta unaanza kuchagua. Unayapitisha kwa wepesi mawimbi ya elektroni yenye umbo moja maalumu na kuyadhoofisha mengine, na umbo hilo ndani ya chuma ni la kundi moja la spini. Ukuta umekuwa chujio.

Kuupata upangaji huo ni kazi. Tando hizi hutandazwa ndani ya chumba kilichofyonzwa hewa, gesi ya agoni ikiligonga bamba la madini na kung'oa atomu zinazokwenda kutua juu ya silikoni. Tabaka la sumaku ni mchanganyiko wa kobalti, chuma na boroni. Boroni iko pale kwa makusudi: inazuia tabaka lisijipange mapema, libaki laini na tambarare kama kioo, ili oksidi ya magnesiamu ilale juu yake bila mabonde. Halafu kipande kizima kinaokwa kwenye nyuzi kati ya 300 na 400. Boroni inahama, inakimbilia tabaka la tantali lililo pembeni, na chuma na kobalti zinaanza kujipanga kwa kuifuata fuwele ya ukuta, kama mshonaji anavyofuata ruwaza ya kitambaa kilicho chini ya sindano. Niliwahi kupoteza wiki tatu kwa sababu ya mvuke kidogo wa maji uliobaki ndani ya chumba. Chuma kwenye mpaka kilikuwa kimeshika kutu yenye unene wa safu moja ya atomu. Safu moja! Sampuli zote zilisoma kana kwamba hakuna sumaku ndani yake.

Hilo linanileta kwenye swali lako la kwanza, sumaku nyembamba inashikaje. Sumaku bapa kwa kawaida hupenda kulala: ncha zake huelekea kwenye bapa lenyewe, hazisimami. Ili seli zibanwe kwa wingi na zidumu tunataka zisimame. Mwaka 2010 kundi la Hideo Ohno, huko huko Tohoku, lilionyesha kwamba tabaka la kobalti, chuma na boroni likipunguzwa hadi nanomita 1.3 na kukutanishwa na oksidi ya magnesiamu, linasimama lenyewe, hata kwenye seli yenye upana wa nanomita 40. Sababu iko mpakani, pale atomu za chuma zinaposhikana na za oksijeni. Mshiko huo unaivuta sumaku isimame, na nguvu yake inategemea eneo la mpaka tu. Nguvu inayoilaza inakua kadiri unene unavyoongezeka. Ukiongeza unene, mlalo unashinda. Ukipunguza, mpaka unashinda. Kwa hiyo wembamba unaoutilia shaka ndio unaoishikilia.

Kuiandika seli ndiko kulikochelewesha biashara. Chipu za kwanza zilizouzwa, za kampuni ya Freescale mwaka 2006, zenye megabiti 4, ziliandika kwa uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayoenea, kutoka kwenye nyaya za jirani. Uga haujui mipaka, unamwagikia seli za pembeni, na kadiri seli inavyopungua ndivyo mkondo unaotakiwa unavyozidi. Njia iliyofungua mlango ilitabiriwa mwaka 1996 na John Slonczewski na Luc Berger, kila mmoja kivyake: pitisha mkondo kwenye seli yenyewe. Elektroni zilizopangwa spini zao na tabaka la nanga zikifika kwenye tabaka huru zinalisukuma ligeuke, kama upepo unaopiga tanga upande mmoja mpaka likageuka. Mkondo ukirudishwa kinyume, linageuka kinyume. Siku hizi kuna njia ya tatu, mkondo kupita chini ya seli ndani ya metali nzito kama platini, tantali au tangisteni, ili ule ukuta wa nanomita 1 usichoshwe na mkondo wa kuandika. Ninaiamini njia hiyo kwa kazi za kasi, ingawa kila seli inadai nafasi kubwa zaidi.

Sasa blowa yako. Nipe subira kidogo ya hesabu, maana hapa ndipo jibu lilipo.

Kati ya juu na chini kuna kilima cha nishati. Joto linaitikisa seli kila wakati. Chukulia linajaribu kuivusha kilima mara bilioni 1 kwa sekunde. Tunapima kimo cha kilima kwa kukilinganisha na mtikisiko wa joto. Kilima kikiwa mara 40 ya mtikisiko, seli moja itakaa wastani wa miaka 7 hivi kabla ya kupinduka yenyewe. Kikiwa mara 60, miaka hiyo inapita bilioni 3. Utaona ni kiasi cha kutosha na kusaza. Lakini chipu yenye seli bilioni 1 itapata pinduko lake la kwanza baada ya miaka mitatu na nusu, kwa sababu bahati mbaya imegawanywa kwa wengi.

Hiyo ni kwenye nyuzi 30, joto la kibanda chako. Iweke chipu hiyo hiyo ndani ya kisanduku cha sola kilichoanikwa juani hadi ifike nyuzi 85. Mtikisiko umeongezeka, kwa hiyo kilima cha 60 sasa kinahesabika kama 51. Pinduko la kwanza kati ya seli bilioni 1 litatokea baada ya saa nne hivi. Ipashe kwa blowa hadi nyuzi 260, joto la kulehemu: kilima kimeshuka hadi 34, na seli kama 1,700 zinapinduka kila sekunde. Na nimekuonea huruma kwenye hesabu hii, maana joto pia linaudhoofisha ule mshiko wa mpakani, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi.

Basi blowa haitaiua chipu. Utando wenyewe uliokwa kwenye nyuzi 300 na zaidi kiwandani, nyuzi 260 hazitauvunja. Maandishi ndiyo yatakayofutika. Watengenezaji wanalijua hili: huongeza mbinu za kusahihisha makosa, na kwa chipu zinazobeba maandishi tangu kiwandani huinua kilima zaidi ili zivuke tanuri la kulehemu. Ila kilima kikiinuliwa, kuandika kunakuwa kugumu, mkondo unaotakiwa unapanda na ukuta unateseka. Kudumu, kuandika kwa wepesi, kusomeka wazi: ukivuta kimoja, kingine kinafupika. Ninaposikia mtu akitangaza kwamba amepata utando unaotimiza vyote vitatu bila gharama, huwa nauliza alipima kwenye joto la nyuzi ngapi.

Sumaku ya spika, hofu yako ina msingi. Uga hupimwa kwa tesla, na militesla 1 ni mikrotesla 1,000. Uga wa dunia huku kwetu ni kama mikrotesla 33, huo ni unyoya. Kuipindua seli iliyosimama kunahitaji kwa kawaida makumi hadi mamia ya militesla. Sumaku ya neodimi, ukiigusisha, ina militesla mamia kadhaa kwenye uso wake, kwa hiyo inaweza. Nusura ni kwamba nguvu hiyo inapungua kwa haraka sana ukisogea. Sentimita mbili tu kutoka kwa sumaku ndogo ya spika, imeshafifia. Chipu nyingi za aina hii pia huvikwa ngao ya aloi laini ya chuma na nikeli inayopitisha uga pembeni, na karatasi ya vipimo ya mtengenezaji huandika kiwango ambacho haipaswi kuzidiwa. Mimi ningeiogopa zaidi ile sahani ya sumaku unayowekea skrubu kuliko spika. Usiweke bodi juu yake.

Utaikuta wapi? Kwenye RAM ya simu, bado. Chipu kubwa ya njia ya mkondo ambayo kampuni ya Everspin iliitoa mwaka 2019 ilikuwa ya gigabiti 1. Simu yenye RAM ya GB 8 ina mara 64 ya hiyo (baiti moja ni biti 8), na kwa bei chipu hii haiwezi kushindana. Lakini mwaka huo huo Samsung ilianza kuzalisha kwa wingi kumbukumbu hii ikiwa imezamishwa ndani ya vidhibiti vidogo, na huko ndiko itakakokufikia: saa za mkononi, vihisi, vifaa vya magari na viwanda, vitu vinavyolala muda mrefu na kuamka kwa sekunde moja. Pia angani. Uko karibu na Ngomeni, unalijua jukwaa la San Marco lililorusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Huko juu chembe za mionzi zikigonga kapasita ya RAM zinamwaga chaji, biti inageuka. Seli ya sumaku haina chaji ya kumwagwa. Transista zinazoizunguka bado zinadhurika, ila maandishi yenyewe yanabaki. Kwa mteja wako, kwa sasa, mpe betri ya akiba na umwekee programu ijihifadhi yenyewe kila dakika moja.

Umebaki mchanga. Punje zinazorukia sumaku zina magnetiti, ambayo ni chuma na oksijeni, na madini hayo hayo yamejaribiwa sana maabara kama utando wa spini kwa sababu nadharia inasema elektroni zake za mkondo zote ziko kundi moja. Lakini wingi wa madini hautatusaidia kitu hapa. Tabaka la nanomita 1.3 ni jepesi kiasi kwamba gramu moja ya metali ingetandaza karibu mita mraba 96, sakafu ya nyumba nzima. Tunachokosa ni usafi, chumba kisicho na hewa na mpaka usio na kutu, na hivyo havichotwi ufukweni.

Lakini ukitaka kuona kwa macho yako kile ambacho joto linaifanyia sumaku, chukua punje chache za mchanga huo, uziweke kwenye kipande cha bati juu ya moto wa gesi hadi ziwe nyekundu kabisa. Magnetiti inaacha kuwa sumaku ikipita nyuzi 585, na blowa yako haifiki huko, ndiyo maana nasema gesi. Sogeza sumaku kwa koleo: hazitaruka. Usizichome muda mrefu, zitageuka kutu. Zikianza kupoa zitaruka tena kama kawaida, ila mwelekeo wa usumaku zilionao sasa ni ule zilioupata zilipokuwa zikipoa, si ule ziliokuja nao kutoka Mambrui.